Bahari ya Ngazini

Mjomba wangu hajui kuogelea. Hata beseni la kuogea analisogelea kwa tahadhari. Nalisema hili mapema ili ujue bahari aliyoichora ilitoka wapi: ilitoka kwenye kitabu cha sayansi cha shule, na kwenye ubishi wake.

Mtaani wanamwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti. Kazi yake ni kuchora mabango ya vinyozi, mafundi redio na wenye maduka, na ana sheria moja anayoitangaza hata kwa asiyeuliza: bango lisilosomeka toka ng'ambo ya barabara ni ukuta tu. Kuku aliyemchorea muuza mayai ana kope ndefu kama bibi harusi. Kutulia pia hawezi. Akila anasimama, akisubiri anatembea, na mdomo haufungwi. Mama yangu, dada yake, alizoea kumwambia, "Debe tupu haliachi kuvuma, kaka." Naye alicheka kwa sauti ileile.

Binti yangu alipokuwa na miaka minane, daktari alisema uvimbe wa shingoni mwake utatibiwa kwa mionzi. Chumba kilikuwa chini kabisa ya hospitali, mwisho wa ngazi ndefu. Ndani mgonjwa hubaki peke yake, mlango mzito umefungwa, na hatakiwi kujitikisa. Akijitikisa, mashine inazimwa. Mara ya kwanza mwanangu alianza kulia tukiwa bado juu. Mara ya pili aling'ang'ania chuma cha ngazi, tukashindwa kumbandua. Daktari akaniambia kwa upole kwamba tusipoanza wiki ile, uvimbe hautatungoja. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Mjomba alizitazama zile kuta za kijivu, akaenda kwa mkuu wa hospitali kuomba azichore. Alikubaliwa, nadhani ili anyamaze.

Juu alichora dagaa, migongo ya buluu iliyokolea, matumbo ya fedha. "Ndege akitazama toka juu anaona maji tu," alimweleza binti yangu, aliyekaa ngazini akimshikia kitabu. "Adui akitazama toka chini anaona mwanga wa jua. Wajanja hawa!" Katikati akaweka ngisi na yavuyavu wanaopitisha mwanga kama glasi. Chini kabisa, karibu na mlango, mkono ukarudia mabango: samaki wakubwa wa njano na waridi, wa kusomeka toka ng'ambo.

Binti yangu akafunua kitabu. "Babu, umekosea. Huku jua halifiki. Hawa wanajificha."

"Sasa nani atawaona?"

"Si ndiyo maana, Babu? Hawataki kuonekana."

Mtu mzima akabishana na mtoto mpaka wauguzi wakatoka kuchungulia. Alinuna, akala amesimama, kisha akarudi na kopo la rangi nyeusi akaifuta kazi yake yote ya pale chini. Kamba aliwapaka nyekundu, maana mwanga mwekundu haufiki kina hicho, na anayevaa nyekundu kule haonekani. Akachora samaki laini kama uji, asiye na hewa ndani, ndiyo maana uzito wa maji haumpondi. Mwisho akamchora samaki jike mwenye kijiti juu ya mdomo, na kwenye ncha taa ndogo kuliko punje ya maharage. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amechora kitu ambacho lazima uiname ndipo ukione.

"Huyu anafanya nini?" mtoto aliuliza.

"Anatulia. Huku chakula ni cha kubahatisha, mjukuu wangu, na anayehangaika anamaliza nguvu bure. Huyu hapigi mkia. Anawasha taa yake, anangoja riziki imfuate."

Siku ya tiba rangi ilikuwa bado inanuka. Binti yangu alishuka akiwasalimia wanyama mmojammoja. Mlangoni akainama kwa yule jike, kisha mwenyewe akauachia mkono wangu. Mlango ukafungwa. Mtaalamu wa mionzi akanionyesha kwenye skrini: mwanangu amelala, hatikisiki.

Niligeuka nimwambie Mjomba. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho. Ameketi! Mikono magotini, mdomo umefungwa, macho mlangoni. Hakukohoa, hakutikisa mguu, mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Babu, sikupiga mkia," binti yangu akasema.

"Hata mimi," Mjomba akanong'ona.

Leo binti huyo ananizidi kimo. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari. Mjomba nikimshukuru hunikatiza kwa makelele yake, eti nimshukuru dagaa. Ahsante ya punda ni mateke, lakini mimi si punda: najua ilimgharimu nini kunyamaza siku ile.