Tope la Rukala ndani ya breki

Leo breki zilikataa tukiwa Malaba, nyuma ya trela la mafuta.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Alilipeleka gari mtaroni.

Wajukuu walikuwa kiti cha nyuma. Wako salama, Mungu ashukuriwe.

Breki zilikuwa bado mpya. Mbele ya watu nikamwambia mke wangu, "Mama Nabwire, unazikanyaga ovyo!"



Fundi alipofungua gurudumu, tope kavu likaanguka. Kila Jumapili mke wangu huvuka maji ya mafuriko kumpelekea mamake chakula Rukala. Tope lile lina mchanga, nao husaga breki kama msasa.

Mnaovuka maji, osheni magurudumu siku hiyo hiyo. Au nyinyi hufanyaje?

Jioni mke wangu akaniuliza, "Mzee, sasa nisiende kwa mama?"

"Utaenda. Magurudumu nitaosha mimi."