Machozi ya Binti Yangu kwa Mama Mwingine

Habari za kifo cha mwenzangu kazini zilinifikia nikiwa juu ya ngazi katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Nakuru, nikifunga projekta darini. Nilimwomba mwalimu anishikie ngazi, nikapokea simu. Mwanamke ambaye kwa miaka mingi tulifanya naye kazi ya kupeleka kompyuta shuleni na kuwafunza walimu kuzitumia, alikuwa amefariki hospitalini baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilishuka, nikaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Lililonijia kwanza halikuwa huzuni. Nilijiuliza nitamwambiaje binti yangu, na papo hapo nikajua kwamba atamlilia huyu mama kuliko atakavyonililia mimi siku yangu ikifika.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii naiandika jioni, na kwamba riziki yangu hasa hutoka kwenye nyaya na vioo vya kompyuta. Marehemu nami tuligawana maeneo. Mimi nilichukua Naivasha na viunga vya mji. Yeye akachukua Subukia, nyumbani kwao. Huko ndiko iliko shule ya bweni anakosoma binti yangu, kidato cha tatu. Ikawa basi nazunguka kuwafundisha watoto wa watu, na wangu anafundishwa na mtu mwingine. Mwanzoni nilifurahi. Ni mimi niliyemwomba, "Ukipita pale, nisalimie msichana wangu." Akamsalimia, kisha akarudi kumsalimia tena hata pale ambapo sikumtuma.

Likizo moja nilimketisha binti mezani, nikafungua kompyuta ili nimwonyeshe jinsi programu inavyoandikwa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu alipojifunza kusoma.

"Hii Anti alinionyesha kitambo," akasema. Anti ndiye mwenzangu huyo.

"Alikuonyesha hivi?"

"Yeye ako na njia rahisi, Baba."

Nilifunga kompyuta kwa upole mwingi mno. Wiki iliyofuata tukiwa tunakunywa chai ofisini, marehemu akaniuliza kama nimeikubali ile habari ya msichana kuachana na mpango wa kusomea udaktari. Nilicheka, nikasema eti mambo ya vijana tuwaachie wenyewe. Ukweli ni kwamba ndiyo kwanza nilikuwa naisikia.

Siku ya wazazi shuleni ndiyo iliyonimaliza. Wasichana walionyesha kazi zao, na wangu alikuwa ametengeneza programu ya kuweka rekodi ya mvua wanayopima kwenye shamba la shule. Mgeni wa heshima akamuuliza aliyemsaidia ni nani. "Ni mama yangu wa kompyuta," akajibu, akimnyooshea kidole marehemu kule nyuma. Watu wakapiga makofi. Mke wangu, mama yake halisi, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Baadaye nilimfuata mwenzangu kando ya hema la chakula.

"Kwani wewe humpa nini huyu mtoto?"

Alinitazama akaona sitanii. "Unaniuliza mimi? Boss, huyu wangu wa kiume tangu aingie sekondari haniambii kitu. Kila kitu anaambia kocha wake wa mpira. Hata alipoumia goti, mimi niliambiwa na kocha. Siku hiyo nilienda uwanjani nikiwa tayari kumtukana."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asante. Halafu nikaenda nyumbani nikalia jikoni."

Alicheka, akachukua sahani yake, akaenda kuketi na mke wangu. Sikupona siku ile, lakini nilijua sipo peke yangu.

Nimeyawaza sana maneno yake. Wazazi wetu walifanya kazi machoni petu. Mtoto alimwona mama akikama, baba akilima, na hata aliyekuwa kiwandani tuliufahamu mlio wa king'ora chake. Sisi tunatoka watoto wakiwa wamelala. Mama wa Naivasha anayekata maua kwenye mashamba makubwa, muuguzi, mwalimu, fundi kama mimi, kila mmoja yuko mahali akimtunza au kumlisha mtoto wa mwingine. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakutuambia jinsi unavyouma ule mkono wa pili ukimshika mwanao vizuri kuliko wako. Hii si husuda, kwani sikumtakia mabaya hata siku moja. Ni wivu ule wa mtu anayeona chake kikichanua katika ua wa jirani.

Tulimzika Subukia, ardhi ikiwa imelowa mvua. Binti yangu alifika na wenzake kwa basi la shule, akanisalimia haraka, kisha akapita moja kwa moja hadi kwa watoto wa marehemu, akaketi kati yao kama mmoja wao. Kijana wa marehemu alikuwa ameinamisha kichwa, na kocha wake amemkumbatia begani. Binti alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu. Nami nilisimama nyuma ya watu, mtu mzima mwenye mvi, nikimwonea wivu mwanamke aliye ndani ya jeneza.

Basi lilipokuwa likiwashwa, msichana alinijia.

"Baba, ile programu ya mvua haijaisha. Sasa nani atanisaidia?"

"Si mimi nipo?"

Alinishika mkono. "Najua, Baba. Lakini na wewe tutakosana tu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimpandisha basi, nikabaki langoni hadi likapotea kwenye kona.

Jumatatu nilimpigia simu mwalimu wao wa fizikia, mama mmoja mkali ambaye walimu wenzake humwogopa. Nilimweleza kuna msichana hapo, ana kazi aliyoianza, amefiwa na aliyekuwa akimwongoza. "Mwambie aje kwangu," akasema, "lakini sipendi mchezo." Mwisho wa mwezi binti aliomba simu ya shule kunijulia hali. Hakunijulia hali. Alizungumza kuhusu mwalimu huyo mpaka muda ukaisha: mwalimu amesema hivi, mwalimu amecheka vile. Nilisikiliza neno kwa neno, wivu ule ule wa zamani ukinirudia.

Mzazi mwenzangu, ukishikwa na wivu wa aina hii, usiutafutie dawa. Ukupate, ukuume, ukunyime usingizi ukitaka. Ujue tu kwamba mwanao ana watu.