Krismasi Iliyoangukia Ramadhani

Nilitoka Kahama kwenda Geita kumpa mtu mkono wa Idi, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuomba radhi. Mama Zuhura alikuwa jirani yangu pale Nyasubi, mjini Kahama, kwa miaka saba. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki wa Ushirombo. Kila Krismasi nilipeleka kuku kwa mumewe awachinje, ili wote tule bila wasiwasi, kisha nikamwambia mkewe, "Sikukuu njema, sahani yako inakuja." Idi ikifika, ilikuwa zamu ya pilau yake.

Halafu mwaka mmoja Krismasi ikaangukia ndani ya Ramadhani. Mimi nikajifanya najua adabu kuliko watu wote. Mtu kafunga, nitamtakiaje sikukuu ya kula? Kuku wakachinjwa na kaka yangu, nami nikapita mlangoni kwa jirani kimya. Baada ya Idi wakahamia Geita kwa binti yao. Mama Zuhura hata kuniaga hakuniaga. Jamani, iliniuma miaka mitatu.

Alfajiri nilipata lori la mizigo. "Mwangaluka, mama," dereva alinisalimu Kisukuma, akanipa nafasi mbele. "Unakwenda kula Krismasi Geita?"

"Nakwenda kula Idi."

Akacheka. "Na hiyo rozari shingoni? Haya, twende."

Ushirombo tulifika jioni, tope hadi kwenye ekseli za gari, nikalala kwa shangazi.

Geita, saa nane mchana wa siku ya pili, Idi yenyewe. Mama Zuhura alifungua mlango mwenyewe.

"Idi mubarak, Mama Zuhura!"

"Asante, Mama Yustina. Karibu, mgeni."

Mgeni! Nyasubi tulikuwa tunakula sinia moja. Sasa akaniletea pilau peke yangu, kwenye sahani nzuri ya maua, akakaa pembeni kuniangalia. Nikaiweka sahani chini.

"Dada, ile Krismasi..." nilianza.

"Nilisikia kuku wanalia uani kwako," akasema taratibu. "Baba Zuhura alikuwa ameshanoa kisu, anakungoja. Magharibi ikaingia, tukafuturu uji mtupu. Nikasema basi, mwaka huu sisi hatumo. Nikadhani umekatazwa kula na sisi."

"Nani anikataze? Niliogopa kukukosea, kwa sababu umefunga."

"Tunafunga mchana, Mama Yustina. Chakula chako ndicho nilichotaka kiwe futari yangu."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi. Akanishika mkono, akasema alishanisamehe zamani. Nikapata moyo, nikamwomba waje kwangu Krismasi, zilibaki siku chache tu, na Baba Zuhura achinje kama zamani.

Akatikisa kichwa. "Baba Zuhura hachinjii watu tena. Alisema aliona aibu, kukaa na kisu mkononi akingoja kuitwa. Na huku tumeshazoea, dada."

Asubuhi yake alinisindikiza hadi kwenye lori, akanitakia safari njema. Krismasi hakuitaja.

Njia nzima hadi Kahama niliiwaza ile Krismasi. Nilikuwa nimekaa na salamu mbili kichwani, ya Krismasi na ya Ramadhani, nikichagua ipi itamfaa, wakati yeye alikuwa nyumba ya pili. Ningebisha hodi tu nikamuuliza, "Jirani, mwaka huu tufanyeje?" angenijibu kabla sijakaa. Sikuuliza. Nilimpoteza rafiki kwa heshima ambayo hakuniomba.