Sauti ya Mama Mkwe

Mwasiti aliuza mawese katika soko la Rumonge tangu usichana wake, na watu walimtambua kwa sauti kabla ya kumwona: sauti nzito yenye mkwaruzo, na kicheko kifupi kilichokatika ghafla. Marehemu mumewe alipoleta televisheni ya kwanza mtaani, majirani walijaa sebuleni kutazama familia za kwenye kioo. Baba alirudi kutoka kazini, watoto wakasimama kumwamkia, wote wakala pamoja. Mwasiti alizipenda familia hizo hata akanunua meza, ingawa kwao walizoea mkeka.

Miaka ikapita, familia za kwenye kioo zikabadilika. Sasa ndugu waliibiana waume, na mezani hakuna aliyemwamini mwenzake. Kabibi, mke wa mwanawe Amissi, hakukosa hata siku moja tamthilia fulani ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ndani yake mama mkwe tajiri aliwatilia sumu wake za wanawe, huku akiwakaribisha chakula kwa upole.

Alasiri moja Mwasiti alirudi kutoka sokoni, akavua viatu mlangoni, akasikia mtu akizungumza sebuleni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mkwaruzo ule ule, kicheko kile kile.

"Kula, mwanangu," ilisema. "Nimekupikia wewe tu."

Alichungulia. Mwanamke wa kwenye kioo, hereni zikimning'inia, alifungua kinywa na sauti ya Mwasiti ikatoka. Kabibi aligeuka, akamkuta mama mkwe wake amesimama mlangoni, na uso ukamsawijika.

Tangu siku hiyo, Mwasiti akipakua ugali na samaki wa mukeke, Kabibi alikaa mikono mapajani mpaka Mwasiti ameze kwanza. Majirani walimtania kuwa amekuwa nyota. Kisha wakaacha utani, na baadhi ya wateja wakaanza kumkwepa. Kila alipotaka kuzungumza nyumbani, alimwona Kabibi akishtuka, naye akanyamaza. Mwishowe sauti yake ilisikika nyumbani mle kutoka kwenye kioo tu.

Akamuaga Amissi, akaenda Minago kwa dada yake Mariam, ambaye hakuwa na umeme.

Asubuhi moja alikuwa akianika mihogo pikipiki iliposimama uani. Kabibi alishuka, akamshika mkono, akaubonyeza kana kwamba anatafuta kitu ndani yake.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima. Kuna nini?"

Kabibi alieleza kwa kwikwi. Jana yake mama mkwe wa kwenye kioo alikufa peke yake katika nyumba kubwa, akiomba maji, na hakuna aliyekwenda.

"Ilikuwa sauti yako, Mama. Niliitika. Nikaleta maji mu kikombe mpaka pale kwenye kioo."

 Mwasiti alimketisha, akampakulia ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Kabibi hakungoja, alikula tonge kubwa, machozi yakimtoka.

Wakarudi Rumonge pamoja. Amissi alitaka kuiuza televisheni, lakini Mwasiti akakataa. Tamthilia nyingine ilikuwa imeshaanza, na sauti ile haikusikika tena kwa mwigizaji yeyote. Siku hizi yeye na Kabibi hutazama wakiwa wameketi bega kwa bega. Watu wa kwenye kioo wakinyamaza, Mwasiti hukohoa kidogo, apate kusikia kama bado sauti ni yake.