Bunduki Niliyopewa Badala ya Shamba

Niliingia shambani kwa marehemu baba, kule Tawa, mtoto mgongoni, nichume mbaazi za kupika. Kaka yangu mkubwa akanikuta.

"Wewe dada, si uko na bunduki? Basi nenda uwinde, ule nyama."

Mke wake alicheka mpaka akajishikilia kwa jembe. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilimwaga mbaazi miguuni pa kaka, nikarudi Kanyangi kwa mume wangu.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walituketisha tugawe mali. Kaka zangu wakapewa shamba. Mimi, kwa vile nimeolewa, kaka mkubwa alisimama na bunduki ndefu ya gumegume, ile ya zamani ya kuwashwa kwa jiwe, akasema babu aliipata wakati wa misafara ya pembe za ndovu na thamani yake inashinda ekari zote. Nikakubali mbele ya wazee. Tena kwa furaha! Hata kanisani nilisimama nikashukuru Mungu kwa urithi, watu wakanipigia makofi. Nikikumbuka yale makofi natamani ardhi inimeze.

Baada ya kisa cha mbaazi niliamua kuiuza bunduki, lakini kwanza nijue aliyeitengeneza. Nikaifungua mezani. Bamba la shaba kwenye kitako lilishikwa na skrubu za nyota, kama zile za redio. Babu wa misafara alitoa wapi skrubu za nyota? Nikatoa mtutu kwenye mbao. Upande wa chini, mahali pasipoonekana, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza: tumia baruti nyeusi pekee. Kando yake, jina la Italia na herufi mbili ndani ya kisanduku.

Nikapiga picha, nikatuma kwa kikundi cha wapenda bunduki za kale mtandaoni. Mzee mmoja wa ng'ambo akanijibu kwa upole: hiyo ni nakala. Kuna karakana huziunda kwa ajili ya watu wanaoigiza vita vya kale, na mahoteli ya kupamba ukuta. Zile herufi mbili zinaonyesha mwaka ilipopimwa kiwandani.

Nikapiga hesabu. Bunduki ni mdogo wangu. Babu alizikwa kabla sijazaliwa.

Nikampigia mama simu.

"Mwaitu, hii bunduki ilitoka wapi?"

Akashusha sauti. "Kaka yako mkubwa alikuja nayo alipotoka kazi ya hoteli. Nyamaza tu, mwanangu. Utatuaibisha."

Kumbe alijua. Aliketi katikati ya wazee akijua, na mimi nikichekelea. Sijui ni nini kiliniuma zaidi, ujinga wangu au kunyamaza kwake. Siku kadhaa sikuweza kumtazama hata mume wangu.

Mwishowe nikaifunga kwa leso, nikaenda kwa chifu wa Tawa.

"Mama, umebeba nini hapo?"

"Shamba langu, chifu."

Karani akacheka. Mimi sikucheka. Nikaomba karatasi, nikaandika:

"Mimi, binti wa marehemu, nalalamika kwamba kaka yangu mkubwa aliwadanganya wazee wa ukoo. Bunduki aliyonipa kama urithi wa babu ni pambo alilolileta mwenyewe kutoka hotelini. Naomba ugawaji ule ufutwe nami nipimiwe sehemu yangu ya shamba. Naomba pia mama yangu asiitwe kutoa ushahidi."