Mtoto Asitahiriwe Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wazazi ya kituo cha afya kule Igunga, muuguzi mkuu hakunipa ufagio. Aliniita penye kichanga. "Kabla hujamfunika, hesabu vidole, kisha tazama mkojo unatokea wapi. Ndugu zake watatazama sura tu."

Nilikuwa mhudumu, elimu yangu darasa la saba. Kazi ilikuwa kupiga deki, kuchemsha vyombo na kuwasaidia wauguzi. Baadaye nilihamishiwa Tabora mjini. Kote huko niliona watoto wachache wa kiume ambao tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya nchani. Hilo hurekebishwa kwa upasuaji, na sharti ni moja: mtoto asitahiriwe kwanza. Nimelisema hadi koo limekauka. Wanaitikia, "Tumesikia, mama," wakifika nyumbani wanamwita ngariba ili majirani wasijue.

Kisha likaja kwangu. Binti yangu Mwajuma, aliyeolewa Ipuli, mimba zilikuwa zikimharibikia, na wakwe wakasema amerogwa. Alipojaliwa mtoto wa kiume, tundu lilikuwa chini. Mama mkwe wake akapanga tohara siku ya saba.

"Mama Mwajuma, wewe hospitali umeifagia, hukuisomea," aliniambia.

"Kufagia hakuzibi masikio. Twende kwa aliyesoma."

Daktari bingwa wa upasuaji alimkagua mtoto, akamshika vidole gumba vya mikono na vya miguu. Vifupi. Akaomba kuona vya Mwajuma: vifupi vilevile.

"Nani mwingine katika ukoo?"

Nikamtaja marehemu mume wangu. Tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Wenzake walimtania maisha yake yote kwamba gumba lake ni la kuazima.

Daktari akatueleza kwamba vinasaba ni maelekezo ya kuumba mwili, ambayo mtoto huyapata kwa wazazi. Yapo yanayoumba vidole, na hayohayo huumba njia ya mkojo na mfuko wa uzazi. Yakiwa na hitilafu, huharibu huku na kule. Huenda mfuko wa Mwajuma umegawanyika, ndiyo maana mimba hazikai. Kipimo cha kuthibitisha hakipo hapa, alisema, ila dalili zinaelekea huko. "Hakuna aliyerogwa."

"Sasa tohara ni keshokutwa," mama mkwe akasema, kana kwamba hakuna aliyezungumza.

"Ngozi hiyo ndiyo kitambaa changu, mama. Ukishaikata, nitashonea nini?" daktari akamjibu.

"Watu watasema."

Mwajuma akamchukua mwanawe. "Waseme," akajibu. "Mwanangu hakatwi." Akamfunika mtoto kanga, akatoka.

Mtoto alipokua kidogo alipasuliwa, akapona.

Sasa nimestaafu, niko Kwihara na mahindi yangu. Bado wananiletea vichanga, wengine wameshatahiriwa, halafu wananiuliza wafanye nini. Mimi niwaambie nini tena? Mama mkwe naye anatangaza kila mahali kwamba dua zake ndizo zilizomponya mtoto.

Juzi alinitembelea na mjukuu wetu. Akamtazama akibangua karanga.

"Lakini vidole hivi. Mkosi gani huu?"

Nimechoka kueleza. Nilivitazama vikihangaika na ganda, kidole cha kati kikisaidia, kama alivyokuwa akifanya marehemu.

"Ni vya babu yake," nikamwambia. "Viache."