Ya Mafuta Tu

Hakuna neno lililomchosha Wangeci katika ndoa yake kama neno "nasaidia". Mumewe, Wahome, mwalimu wa hesabu huko Waithaka, alikuwa na Mercedes nyeupe ya zamani, na kila Jumamosi aliing'arisha, akaifunga riboni, akaenda kumbeba bi harusi wa watu. Mwanzoni walikuwa wapwa na watoto wa marafiki. Baadaye wakawa watu ambao hata majina yao aliyajua kwa kuyasoma kwenye kadi. Jioni alirudi na bahasha mfukoni.

"Baba Mwihaki, hiyo ni kazi," Wangeci alimwambia. "Enda kwa watu wa bima uwaambie unabeba watu kwa malipo. Tutaongeza kidogo, yaishe."

"Kazi gani? Mimi ni mwalimu, si dereva wa kukodishwa. Nasaidia watu. Hii wananipa ni ya mafuta tu."

Ya mafuta! Mafuta hayo yalikuwa yamepaka nyumba rangi, yakanunua makochi, na bado gari lilikuwa likidai mafuta mengine. Lakini mwambie nini mtu anayeona haya kuitwa dereva kuliko kuitwa mwongo? Wangeci akamwachia. Alichoomba ni kimoja tu: Desemba, binti yao Mwihaki atakapoolewa, Mercedes isiwe imeahidiwa mtu mwingine. Tangu akiwa mdogo Mwihaki alikuwa akisema atatoka nyumbani kwa gari la baba, na baba mwenyewe akiendesha.

Basi Agosti ya mwaka huo wa 2006, Wahome akapata harusi ya binti wa Gichuru, mfanyabiashara wa Kileleshwa. Alikuwa amemtoa kanisani Dagoretti pamoja na bwana wake, wanapita sokoni, mkokoteni wa kabichi ukachomoka mbele yake. Akaukwepa, akavamia ukuta wa mawe. Maharusi walitoka wazima, wamejaa vumbi tu. Mercedes ilibaki na pua iliyobonyea hadi kwenye injini, na riboni yake bado imefungwa vizuri.

Wiki iliyofuata mume na mke walikuwa katikati ya jiji, kwenye ofisi ya kampuni yao ya bima. Aliyeshughulikia madai alikuwa Sejal, mwanamke wa Kihindi mwenye sauti ya upole, na picha za gari zilikuwa zimetandazwa mezani kwake.

"Mwalimu, pole sana," alisema. "Lakini hii cover yako ni ya private. Kama ulikuwa unabeba watu kwa malipo, company hailipi. Sasa niambie ukweli. Ulilipwa?"

"Nilipewa ya mafuta," Wahome akasema.

Wangeci akatazama dari.

"Ya mafuta haina shida," Sejal akasema. "Mtu akikuchangia mafuta, hiyo si biashara. Wacha nipigie baba ya bibi harusi. Akisema hivyo pia, tutasonga mbele."

Wangeci akasogeza kiti chake mbele. Kumbe hata ubishi wa mumewe ungeweza kuwaokoa! Sejal akapiga simu na kuweka sauti nje, akamwuliza Gichuru kama gari alilikodisha au mwalimu alimsaidia tu.

"Kunisaidia? Mimi?" Gichuru alinguruma. "Madam, uliza mtu yeyote hapa Kileleshwa. Harusi ya msichana wangu hakuna kitu ilikuwa ya bure! Tenti nililipa, keki nililipa, na huyo mwalimu nilimlipa vizuri kabisa, mbele ya watu."

Wahome akaiinamia simu. "Mzee Gichuru, kumbuka. Ilikuwa ya mafuta."

"Mafuta gani, Mwalimu? Hiyo pesa ingekufikisha Kampala na ikurudishe. Usiniaibishe bwana!"

Sejal akakata simu taratibu. "Ungetuambia tu mapema, Mwalimu," alisema. "Tofauti ya malipo ya bima haingekuwa kubwa."

Hasira ya Wangeci haikujua imwangukie nani. Mwanamume mmoja anaona aibu kusema amelipwa, mwingine anaona aibu kuonekana hakulipa, na kati yao gari la mwanawe linaoza! Kwenye ngazi alimwambia Wahome yote aliyokuwa ameyameza kwa miaka, kwa sauti, watu wakipita.

Fundi alitaja bei ya matengenezo wasiyoimudu, nao wakaagana naye. Mercedes ikafunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Desemba ikafika, na gari lililombeba Mwihaki lilikuwa la kukodi, likiendeshwa na dereva wa makamo aitwaye Kilonzo. Kabla ya kupanda, Mwihaki alizunguka nyuma ya nyumba na shela lake, akaligusa turubai, akarudi garini. Wangeci alimwona. Wahome pia alimwona.

Jioni, sherehe ilipokwisha, Wahome alimfuata Kilonzo kwenye gari na noti aliyoikunja ndogo kiganjani.

"Shika, ndugu yangu. Ya mafuta."

Kilonzo aliitazama ile noti, akatabasamu kwa heshima. "Asante, mzee. Lakini mimi niko kazini. Kuna bei tulisikizana."

Wahome alibaki amenyoosha mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na bima?"

"Iko, ya kubeba watu. Bila hiyo, mzee, si ningekuwa mjinga?"

Wangeci alikuwa amesimama karibu, na kwa miaka alikuwa ameombea mtu amwambie mumewe maneno hayo hayo. Sasa yalimchoma yeye. Wahome aliirudisha noti mfukoni, akamgeukia.

"Mama Mwihaki," alisema, "mlipe huyu bwana kazi yake."

Wangeci alifungua mkoba akatoa pesa, zote, huku machozi yakimzuia kuzihesabu.